Sekunde Arobaini na Moja

Chumba cha skrini kilinuka zulia jipya na marashi ya Mkuu wa shule, na Mama Chupa hakujua kipi kati ya hivyo viwili kilimtia kinyaa zaidi. Zulia lilikuwa limebandikwa kwa gundi juu ya sakafu ya maabara, sakafu aliyoipiga deki kwa miaka ishirini na miwili mpaka akalijua kila doa na asidi iliyoliacha. Masinki yalikuwa yamefunikwa kwa mbao. Mabomba yalikuwa yamezibwa. Pale yalipokuwa makabati ya chupa sasa palikuwa na safu za kompyuta, na ukutani kulitundikwa skrini kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili.

Yeye alikuwa mtunza maabara. Maabara ikaondoka, yeye akabaki, kama mpishi aliyenyang'anywa jiko akaachiwa mwiko. Walimpa kistoo nyuma ya chumba hicho, chenye dirisha moja na rafu tatu, wakamwambia atunze humo vile vitu vya zamani. Jina la Mama Chupa alipewa na wanafunzi, kwa sababu hakuna chupa iliyowahi kuvunjika shuleni hapo bila yeye kujua imevunjwa na nani, saa ngapi, na kwa uzembe gani.

Kijana aliyefundisha kemia humo wanafunzi walimwita Mwalimu Telezesha. Alijitafutia mwenyewe, maana kipindi chake kizima kilikuwa neno hilo moja: telezesha joto juu, telezesha joto chini, telezesha wingi wa chembe, sasa tazameni. Na kusema kweli palikuwa na cha kutazama. Ndani ya kisanduku cha kioo kilichochorwa, chembe nyekundu na za bluu zilikimbizana kama watoto waliofunguliwa mapumziko. Nyingi ziligongana zikaachana. Chache ziligongana kwa nguvu ya kutosha, zikavunjika na kuungana upya, zikageuka njano, na pembeni mstari wa mchoro ukapanda. Chini ya hapo palikuwa na picha ya chupa imesimama juu ya alama ya X. Kioevu kilichomo kikawa na ukungu, X ikafifia, ikapotea, na wanafunzi wakabonyeza saa zao za mkononi na kuandika sekunde.

Mama Chupa alikuwa akiyatazama hayo kupitia mlango wa kistoo, akasonya. Kwa miaka yake yote jaribio hilo lilikuwa na harufu. Unamimina asidi kwenye myeyusho wa thiosalfeti, unaweka chupa juu ya karatasi yenye X, unasubiri. Salfa inaanza kujitokeza humo ndani, maji yanakuwa kama yaliyokorogwa unga, na harufu ya kiberiti inakupanda puani mpaka machozi yakutoke. Mtoto aliyelizwa na jaribio hilo halisahau mpaka anazeeka. Hawa wa skrini hata chafya hawakupiga, wakatoka wananukia vilevile walivyoingia.

Lakini mwaka huo kinyaa chake kilikuwa na hofu ndani yake. Kadogo, binti wa kaka yake, alikuwa kidato cha mwisho. Kaka alimleta akiwa na miaka tisa, akasema anamwacha kwa likizo tu, na likizo hiyo ilikuwa haijaisha bado. Chuo cha ufamasia kilikuwa kimeshaandika kwamba nafasi ya binti ipo, ila lazima afaulu kemia, na kemia isiyo na alama ya mtihani wa vitendo haihesabiwi. Barua ile Mama Chupa aliitia kwenye fremu, juu ya picha yake ya harusi, maana mume alikwishajiondokea na barua angalau ilikuwa na faida. Akili Kadogo alikuwa nazo, hilo halikuwa na ubishi. Kilichomkosesha shangazi usingizi ni kwamba mtihani ungefanywa kwa chupa za kweli, na mtoto alikuwa hajashika chupa ya kweli tangu zulia liingie.

Alimwendea Mkuu ofisini. Mkuu alikuwa mtu wa biskuti. Alikuwa akizichovya kwenye chai mpaka zikalegea, akazinyonya, na makombo yaliyolowa yakambaki kwenye masharubu akiongea, yakipanda na kushuka kila neno.

"Mkuu, naomba wapewe hata siku mbili na vifaa. Nitaandaa mimi mwenyewe, nitasafisha mimi mwenyewe."

"Mama Chupa," akasema Mkuu, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "wageni wanaokuja hapa wanakuja kuona skrini. Hawaji kuona ndoo na matambara. Wewe umri wako huu unataka ulale na asidi?"

Mwalimu Telezesha alikuwepo, ameegemea kabati, akacheka. "Mama, sayansi imehama huko. Wanafunzi wangu wanafanya majaribio ishirini kwa kipindi kimoja. Wewe enzi zako walifanya mangapi?"

"Moja," akasema Mama Chupa. "Lakini walilifanya."

Wakacheka wote wawili, tena si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchukiza zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Akikucheka kwa huruma unabaki na mikono mitupu.

Wiki chache kabla ya mtihani, siku ya michezo, shule nzima ikiwa uwanjani, aliingia chumba cha skrini kufuta vumbi. Kompyuta moja ilikuwa haijazimwa. Chembe zilikuwa zinazungukazunguka taratibu, hazina wa kuzitazama. Akaketi. Alijiambia anapumzisha goti.

Akashika kipanya, akaburuta joto juu. Chembe zikapagawa. Akaburuta chini, zikalegea, zikapishana kama wazee kwenye korido ya hospitali. Akaongeza chembe za bluu, kisanduku kikasongamana, migongano ikaongezeka, njano zikajaa upesi. Akazipunguza, zikatafutana zisionane. Alifanya hivyo nusu saa nzima, tambara liko pajani.

Miaka ishirini na miwili alikuwa anajua kwamba ukipasha chupa mmenyuko utakimbia, na ukiongeza maji utachelewa. Alijua hivyo kama mtu anavyoijua ndoa ya jirani, kwa kelele za ukutani tu. Sasa alikuwa amefunguliwa mlango akaona wenyewe walivyo. Chembe hazisukumwi na mtu. Zinagongana tu, mara nyingi bure, na ile mara moja yenye nguvu ya kutosha ndiyo inayogeuza kila kitu. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamuudhi, maana alikuwa ameapa kutokipenda chochote ndani ya chumba hicho.

Kisha akamimina ile asidi ya picha kwenye ile chupa ya picha. Moja, mbili, tatu, nne. X ikapotea.

"Nne?" akasema peke yake. "Nne ya wapi?"

Akasogeza uso karibu na kioo. Kwenye pembe ya chini palikuwa na kitufe kidogo kama punje: kasi ya saa, mara kumi. Kando yake palikuwa na saa ya programu yenyewe, na Mwalimu Telezesha alikuwa ameificha ili wanafunzi wapime wenyewe, wazoee vitendo, kama alivyopenda kusema. Sasa akaelewa mchezo mzima. Siku ya wageni alimwona Mkuu akiinamia kompyuta hizi: alikuwa ameweka mara kumi, kwa sababu wageni hawana subira. Wageni wakaondoka, hakuna aliyeirudisha. Na watoto thelathini na wanane walikuwa wamekaa miezi saba na saa za kweli mikononi, wakipima kitu kilichokimbizwa mara kumi. Mwalimu wao hakushtuka, kwa kuwa naye chuoni alisomea kwenye skrini na hakuwahi kuisubiri chupa hata siku moja. Programu haikuwa na kosa. Iliyasema yote, kwa herufi ndogo, kwa yeyote mwenye macho.

Hapo ndipo Mama Chupa alipopaswa kwenda kusema. Alisimama kabisa. Akafika mlangoni, akaukumbuka ule mcheko, na makombo yanayopanda na kushuka. Akasema moyoni, si kazi yangu, mimi natunza vitu vya zamani. Wataumbuka wenyewe. Tena akasikia kautamu fulani kifuani alipoyawaza hayo, utamu wa kukuna upele. Akarudi, akamaliza vumbi, akafunga mlango.

Jioni, wakiosha vyombo, alimuuliza Kadogo, "Huko kwenye skrini mnaelewa?"

"Tunaelewa, Shangazi. Mimi napata zote."

"Hata zile za kasi ya mmenyuko?"

"Hizo ndizo rahisi."

Shangazi akaridhika. Mtoto aliyekulia jikoni kwake, akawaza, hawezi kudhani kitu chochote cha dunia hii kinaiva kwa sekunde nne. Akamkabidhi sahani afute.

Siku ya mtihani kompyuta zilisukumwa ukutani na meza za zamani zikaburutwa kurudi. Kwa sababu masinki yalikuwa yamefunikwa, waliweka ndoo za plastiki sita, moja kila kona na mbili katikati. Msimamizi alitoka shule nyingine, mtu mkimya wa miwani, asiyependa maswali. Kila mwanafunzi alipewa chupa ya thiosalfeti ya kumtosha mara tano na akiba kidogo, asidi, maji, silinda ya kupimia, karatasi yenye X, na saa. Mara ya kwanza myeyusho mtupu, kisha kila mara upunguzwe na kuongezwa maji, uandikwe muda, uchorwe mchoro.

Na palikuwa na desturi moja ya mtihani ambayo wazazi wengi hawaijui. Mtunza maabara naye hulifanya jaribio lilelile, siku ileile, kwa myeyusho uleule, akiwa peke yake. Anaandika majibu yake kwenye fomu, anaitia kwenye bahasha pamoja na karatasi za wanafunzi. Wasahihishaji, kokote waliko, huifungua fomu hiyo kwanza. Majibu ya watoto yanapimwa kwa majibu ya mtunza maabara. Haruhusiwi kusema neno na mtahiniwa yeyote, lakini anachoandika yeye ndicho kipimo cha wote. Mkuu, mwenye ofisi na marashi, hana kalamu yenye uzito huo.

Mama Chupa akajifungia kistooni akafanya jaribio lake. Myeyusho mtupu, sekunde arobaini na moja. Wa pili, hamsini na mbili. Sitini na nane. Mia moja na tatu. Wa mwisho, uliojaa maji, mia mbili na tano. Aliandika kwenye kikaratasi cha rafu, akapangusa macho yaliyowashwa na kiberiti, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi alijisikia mtu mzima. Fomu yenyewe aliiacha kwanza, ili aijaze kwa wino mwishoni. Akatoka kuangalia ndoo.

Harufu ilimpiga usoni kama kofi. Alisimama mlangoni mpaka macho yalipozoea, ndipo akaona kinachofanyika. Mwanafunzi anamimina asidi, anabonyeza saa, anatazama X. Sekunde ya nne, X ipo. Sekunde ya sita, X ipo, inamkodolea. Sekunde ya nane mtoto anageuka kushoto na kulia, jasho limemtoka, ananyanyua chupa na kuimwaga ndooni. Anaanza upya. Anamwaga tena. Chumba kizima kilikuwa kinamwaga. Wengine walikuwa wameshamaliza hata ile akiba yao, wamekaa na chupa tupu, wanaandika. Hakuhitaji kuchungulia sana. Nne, tano, saba, kumi, ishirini na moja. Majibu ya skrini, waliyoyakariri miezi saba, na michoro mizuri juu yake.

Akainama juu ya ndoo ya kona. Ndani ya ndoo mmenyuko wote ule waliodhani umekufa ulikuwa unaendelea. Ulikuwa na wakati wake, ukautumia. Maji yalikuwa mazito, ya njano iliyochacha, utando wa salfa ukielea juu na povu likishikilia kingo. Walikuwa wakimwaga jibu lenyewe, ndoo baada ya ndoo, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha shingo kutazama alichomwaga. Akaziba pua kwa kanga. Alitamani awatapikie wote, kuanzia Mkuu.

Ndipo akamwona Kadogo, karibu na dirisha. Binti alikuwa amemimina, amebonyeza saa, na mkono umeshaishika chupa shingoni, tayari kuinyanyua. Hakuinyanyua. Aliutoa mkono, akaukalia. Sekunde kumi, ishirini. Jirani yake alikwishamwaga mara mbili. Thelathini. Ukungu ukaanza. Kadogo akainama, pua karibu na mdomo wa chupa, macho yamejaa machozi ya kiberiti, na X ilipopotea akabonyeza saa na kuandika. Kisha akapima maji kwa ajili ya mara ya pili, bila pupa.

Moyo wa Mama Chupa ulijaa hata akaogopa utasikika. Huyo ni wangu, akasema kimoyomoyo. Huyo nimemlea mimi. Akabeba ndoo mbili kwenda kumwaga nje, na njia nzima hakuisikia harufu.

Aliporudi alimkuta Mkuu ndani ya kistoo, na Mwalimu Telezesha nyuma yake, uso umemshuka rangi. Mkuu alifunga mlango.

"Mama Chupa, kuna tatizo dogo."

"Dogo?"

"Mwalimu ameniambia sasa hivi. Ile saa ya kompyuta." Mkuu alitazama pembeni. "Watoto hawana kosa."

"Watoto hawana," akasema Mama Chupa.

"Sawa. Basi tunaelewana. Fomu yako hujaijaza. Andika nne, tano, saba, na kuendelea. Pale kwenye maoni andika myeyusho ulikuja mkali kuliko kawaida. Hilo hutokea, au halitokei?" Alikuwa na biskuti mkononi hata hapo, katikati ya kiberiti, akaing'ata. "Watoto thelathini na wanane, Mama. Kalamu yako tu. Na wewe unajua, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akajichekea mwenyewe.

Mama Chupa alimtazama yale masharubu mpaka akamaliza kutafuna.

"Mkuu, mimi nimeosha vyoo vya maabara hii. Nimefuta matapishi ya watoto waliokunywa spiriti. Nimeokota panya aliyekufa ndani ya tangi la maji tuliyokuwa tunakunywa. Lakini kitu kichafu kama hiki ulichokileta humu sijawahi kukishika, na leo sikishiki. Nitaandika nilichokiona."

"Mama, tafadhali," akasema Mwalimu Telezesha. Sauti ilimkatika. "Nilikuwa sijui. Kweli nilikuwa sijui."

"Ungeuliza."

"Ningemuuliza nani?"

Swali hilo lilimchoma, akalisukuma pembeni. Aliwafungulia mlango, wakatoka, Mkuu akiwa wa mwisho na akidondosha makombo kwenye sakafu yake.

Alipobaki peke yake aliyafagia makombo. Alijiona msafi, na si kila siku mtu anapata kujiona hivyo. Watoto thelathini na saba wataanguka, ni kweli, na watu watasema mtunza maabara amembeba wa kwao, lakini waseme. Karatasi zipo. Binti alisubiri, wenzake hawakusubiri. Ukweli ni ukweli hata ukimwangukia ndugu yako vizuri. Aliyasema hayo karibu kwa sauti, na kwa mbali akasikia jinsi yalivyokuwa matamu, lakini hakutaka kuyachunguza.

Kengele ikalia. Desturi ilimtaka asaidiane na msimamizi kuzihesabu karatasi kabla hazijafungwa. Msimamizi akahesabu, yeye akahakiki namba. Moja, mbili, tatu. Nne, tano, saba kwenye kila moja, mpaka macho yakachoka. Alikuwa akiitafuta karatasi moja tu. Ilipofika mikononi mwake aliijua kwa mwandiko.

Nne. Tano. Saba. Kumi. Ishirini na moja.

Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya nne palikuwa na kovu la kifutio, karatasi imechubuka, na ndani ya kovu mtu mwenye macho angeweza kusoma arobaini na moja. Chini ya tano, hamsini na mbili. Chini ya saba, sitini na nane. Safu mbili za mwisho hazikuwa na kovu lolote. Binti alikuwa ameifikia ya tatu, akachoka kuwa peke yake.

"Kuna nini?" akauliza msimamizi.

"Hakuna."

"Fomu yako iko wapi? Nafunga bahasha."

"Naileta."

Aliingia kistooni. Kikaratasi cha rafu kilikuwa mezani. Fomu ilikuwa kando yake, safi. Alikaa na kalamu mkononi, na ile nguvu aliyomtamkia nayo Mkuu aliitafuta asiione mahali popote. Alichokuwa nacho ni barua iliyo kwenye fremu tu. Dakika kumi zilizopita alikuwa tayari kuwaangusha watoto thelathini na saba kwa mkono mmoja, bila kutoa hata chozi, na akauita ukweli. Alipoongezeka wa thelathini na nane, ukweli umekuwa mzito haunyanyuki. Nyani haoni kundule. Yeye alikuwa ameliona sasa, na lilikuwa chafu kuliko ndoo zote sita.

Na angeweza kusema mapema. Wiki zile zote, neno moja mlangoni.

Aliandika nne. Tano, saba, kumi, ishirini na moja. Kwenye nafasi ya maoni akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa chupa na lebo: myeyusho ulikuwa mkali kuliko kawaida. Akatia sahihi. Akampelekea msimamizi, naye akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi, akaibonyeza kwa kiganja.

Mkuu alikuwa akingoja kwenye ukumbi. Alilisoma jibu usoni mwake kabla hajafungua mdomo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, laini, yenye unyevunyevu, akautikisa.

"Nilijua," akasema. "Wewe ni mama."

Mama Chupa aliosha mikono kwenye bomba la nje mara tatu. Ilinuka kiberiti vilevile.

Alimkuta Kadogo getini, akampokea mkoba kama alivyozoea, akautundika begani. Wakafuata barabara kwa miguu, pembeni mwa ukuta mrefu wa kiwanda. Magari yalipita. Binti alikuwa na macho mekundu, na shangazi naye, mtu angedhani wametoka msibani.

"Shangazi, mtihani si umeisha? Naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza."

"Ile ya kwanza, isiyo na maji. Mimi nilipata arobaini na moja."

Mama Chupa aliendelea kutembea.

"Nikangoja na ya pili, na ya tatu. Zote ziko hivyo, ndefu. Nikaangalia wenzangu, kila mtu ameshachora. Watu wote hao wana nne. Nikasema basi mimi ndiye sijui kupima." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nikafuta. Nilikosea wapi?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema sijui, mwanangu, mambo ya mtihani yameshapita. Lakini alikuwa ameshaandika uongo mmoja siku hiyo, wa pili akaukataa.

"Hukukosea. Ulipatia. Wewe peke yako."

Kadogo akasimama. Uso ulimng'aa kwa muda mfupi sana, kisha akahesabu, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuhesabu, na mwanga ukazimika.

"Basi nimefeli. Wewe nawe umefanya jaribio. Bahasha yako ina arobaini na moja, halafu mimi nina nne."

"Hujafeli."

"Nimefeli, Shangazi. Wanalinganisha. Ulinifundisha mwenyewe."

"Hujafeli, nimekwambia. Twende."

Kadogo hakwenda. Alimtazama kwa makini, kama alivyoitazama ile chupa.

"Bahasha yako ina ngapi?"

Lori lilipita, likawamwagia vumbi. Mama Chupa alingoja lipite lote.

"Nne."

"Na wewe uliona ngapi?"

"Arobaini na moja."

Binti midomo ilimjikunja, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta kilichomo kimeharibika. Kisha akanyoosha mkono, akaunyanyua mkoba wake kwenye bega la shangazi, taratibu, akijihadhari vidole visimguse, akatangulia.